Mwizi Hafuati Tena Mfuko wa Fedha, Hufuata Laini ya Simu

Msimu wa alizeti unapofunguka mkoani Singida, fedha huzunguka kwa kasi kati ya wakulima, madalali, wenye mashine za kukamua mafuta na wenye malori. Hali ni hiyo hiyo katika soko la vitunguu la Misuna. Kwa wafanyabiashara wa kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, wiki za malipo ndizo wiki za faida. Ndizo pia wiki za matapeli.

Zamani mnunuzi aliyekwenda vijijini alifunga fedha taslimu kiunoni, na hofu yake kubwa ilikuwa ya njiani. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza nchini Kenya. Leo mtaji wa mnunuzi uko kwenye simu au kwenye kadi ya benki. Fedha hizo hazitambui sura ya mwenyewe. Zinatambua laini, namba ya siri na jina lililosajiliwa. Anayevipata vitu hivyo, mbele ya mashine yeye ndiye mwenye mali.

Namna wizi unavyofanyika

Njia ya kwanza ni ya maneno matupu. Mtu hupiga simu akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu au wa benki, akidai kuwa akaunti itafungwa hadi mteja "ahakiki" taarifa zake. Humtajia mteja jina lake kamili ili aaminike, kisha huomba namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe mfupi. Tarakimu hizo ni ufunguo. Ikumbukwe kuwa benki wala kampuni ya simu haina haja ya kumwuliza mteja namba yake ya siri. Aidha, kampuni za simu nchini hutumia namba 100 kwa huduma kwa wateja, hivyo simu ya "huduma kwa wateja" inayotoka namba ya kawaida ni ya kutiliwa shaka papo hapo.

Njia ya pili ni ujumbe wa malipo bandia. Mnunuzi hupakia magunia, kisha simu ya muuzaji hulia na ujumbe wa kuingia kwa fedha huonekana. Ujumbe umeandikwa na tapeli mwenyewe. Mchezo wa namna hiyo hiyo hutumika kwa madai ya "nimekosea kutuma, nirudishie", ambapo mwathirika hurudisha fedha ambazo hazikuingia kamwe. Dawa yake ni moja: muuzaji atazame salio, asitazame ujumbe. Lori lisiondoke kabla salio halijaongezeka.

Njia ya tatu ni ile ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ujumbe huu hutumwa kwa watu wengi bila kuchagua, na humnasa yule ambaye siku hiyo kweli anadaiwa. Wakati wa mavuno, karibu kila mfanyabiashara anadaiwa na mtu. Namba ya malipo inapobadilika ghafla, mlipaji ampigie mdai wake kwa namba ya zamani anayoifahamu na kusikia sauti yake kabla ya kutuma chochote.

Njia ya nne, na iliyo nzito zaidi, ni wizi wa utambulisho. Tangu Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilianza kufungwa. Hatua hiyo iliziba mianya mingi, lakini iliifanya alama ya kidole kuwa bidhaa. Wakala asiye mwaminifu anaweza kumwambia mteja kuwa kidole "hakijasoma", akamtaka arudie, na kwa kurudia huko akasajili laini ya pili kwa jina la mteja huyo huyo. Laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi wataanza kwa mwenye jina. Ikitumika kukopa, deni litaandikwa kwake, na siku atakapohitaji mkopo wa kununua mzigo, historia hiyo itamtangulia benki.

Kujikagua hakuna gharama kubwa. Mwenye simu akipiga *106# anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua aipeleke kwenye duka la kampuni husika ifutwe.

Kuhusu kadi za benki

Kadi yenye chipu ni ngumu kunakiliwa kuliko ile inayotegemea utepe wa sumaku peke yake. Hata hivyo, chipu haimlindi anayenunua vipuri au bidhaa kwa intaneti. Huko namba za mbele, tarehe ya mwisho ya kadi na tarakimu 3 za nyuma mara nyingi hutosha. Kadi isiachwe mikononi mwa mtu hata kwa dakika moja, wala isipigwe picha. Mwenye kununua kwa intaneti ni vema awe na akaunti ndogo ya kazi hiyo, iwekwe fedha za manunuzi tu, na mtaji ubaki kwingine.

Saa ya kwanza

Fedha zilizoibwa hazipotei mara moja. Hupita kwanza kwenye namba nyingine, kisha hutolewa kwa wakala. Maadamu bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji, zinaweza kuzuiwa. Zikishatolewa taslimu, kuzipata ni kazi ya upelelezi. Kwa hiyo haraka ndiyo mali.

Dalili moja isipuuzwe: simu ikipoteza mtandao ghafla ilhali ya jirani inafanya kazi, huenda laini imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Mwenye simu aazime simu mara moja, apige 100 laini ifungwe, kisha apigie benki yake izuie kadi na akaunti. Baada ya hapo aende polisi kufungua taarifa na kupewa namba ya RB, akiwa na namba za miamala, saa na kiasi. Ujumbe wa matapeli usifutwe, kwani ni ushahidi. Namba ya tapeli nayo itumwe kwenda 15040 ili ishughulikiwe na kufungwa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 15, imefanya kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta kuwa kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya alichopata mkosaji, kiasi kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamzuia anayekusanya taarifa za watu kuzitumia kinyume na lengo lililokusudiwa. Mwenye duka anayeandika majina na namba za NIDA za wateja kwenye daftari lililo wazi mezani naye inamhusu.

Lakini sheria humfuata mwizi baada ya wizi. Kabla ya hapo, ulinzi uko kwa mwenye mali. Mfanyabiashara wa alizeti hupima kila gunia kabla ya kulipa, hata kama muuzaji ni ndugu yake. Simu inayoomba namba ya siri, na ujumbe unaodai fedha zimeingia, vipimwe kwenye mizani hiyo hiyo.