Nani Anamgusa Nani? Mabingwa wa Mguso, Busia hadi Kongo

Weka nukta kwa kila eneo, kisha unganisha nukta za maeneo yanayopakana: hiyo ni grafu ya mguso. Kompyuta hupewa kazi ya kinyume. Inapokea nukta na mistari tu, inaulizwa: je, ipo picha inayoweza kuizaa grafu hii? Washindani ni hawa.

1. Utatu wa jirani zaidi. Kaunti ya Busia nchini Kenya, na wilaya za Busia na Tororo nchini Uganda: kila moja inapakana na mbili nyingine. Ukivuka mpaka pale Malaba, umetoka Kaunti ya Busia na kuingia Tororo.

2. Kundi kubwa zaidi: 4. Burundi, Rwanda, Tanzania na Kongo ya Kinshasa zinapakana zote kwa zote. Tanzania na Kongo hukutana ndani ya Ziwa Tanganyika. Uganda ingefanya tano, ila haifiki Burundi. Wala tano haziwezekani popote, mradi kila nchi ni kipande kimoja na mguso wa ncha tupu hauhesabiwi.

3. Jaribio jepesi zaidi: sarafu za ukubwa wowote. Hapa kila nukta ni sarafu, na kila mstari ni mguso. Mwaka 1936 Paul Koebe alithibitisha kwamba grafu yoyote inayochorika bila mistari kukatana hupangika kwa sarafu zinazogusana. Basi kinachobaki ni kukagua kama inachorika hivyo, na mwaka 1974 Hopcroft na Tarjan walionyesha njia: grafu ikiongezeka maradufu, muda nao maradufu, basi.

4. Jaribio gumu zaidi: sarafu za saizi moja. Mwaga shilingi kumikumi za Kenya kwenye meza ya mbadilisha fedha wa Busia: moja haiguswi na zaidi ya 6. Sharti hilo dogo la saizi moja linavuruga kila kitu! Katika miaka ya 1990 Breu na Kirkpatrick walithibitisha kwamba kutambua grafu hizi kuna ugumu wa NP, yaani ni kugumu angalau kama mafumbo mengi maarufu ambayo hakuna anayejua kuyatatua haraka. Njia ya haraka haijulikani. Na kujaribu kila mpangilio? Abiria 14 tu wa matatu wanaweza kubadilishana viti kwa namna 87,178,291,200.

5. Kipeo kikubwa zaidi: 120. Ukihesabu hata nchi zinazogusana kwa ncha, Mikkel Thorup alitoa mbinu ya kuitambua grafu ya namna hiyo mwaka 1998, yenye hatua takriban n kwa kipeo cha 120, n ikiwa idadi ya nchi. Kwa nchi 10 hiyo ni 1 na sufuri 120. Atomu za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 na sufuri 80. Hata hivyo, wananadharia huiweka mbinu hii katika kundi la mbinu za haraka, kwa kuwa kipeo hakibadiliki n inapokua. Dhahabu ni yake.