OMD: nyimbo 40 za vinanda vya umeme, na moja inayotugusa sisi Wakongomani

Kuna wimbo ambao watu wengi wameucheza bila kujua unazungumzia nini. Unaanza na ngoma ya mashine, halafu kinanda cha umeme kinaingia na sauti nyepesi, tamu, ambayo hata mtoto anaweza kuipiga mluzi akiisikia mara moja. Unaitwa "Enola Gay". Ulitoka Uingereza mwezi wa septemba 1980, na unazungumzia ndege ya Marekani iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 agosti 1945. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Wenye wimbo ni kundi la OMD, kifupi cha Orchestral Manoeuvres in the Dark. Mwaka 2019, walipotimiza miaka 40 tangu diski yao ya kwanza, walitoa mkusanyo uitwao "Souvenir". Ndani yake mna nyimbo 40, karibu zote ambazo kwa miaka hiyo zilitoka moja moja kwenye diski ndogo, kuanzia "Electricity" ya 1979 hadi "Don't Go", iliyotungwa kwa ajili ya sherehe hiyo. Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuwasikia, huo ndio mlango mzuri wa kuingilia. Na wengi huku kwetu hawajawasikia, kwa sababu muziki huu wa pop ya vinanda ulitufikia kupitia majina mengine, hasa Depeche Mode.

Mwanzo wao ni wa watu wa kawaida kabisa. Andy McCluskey na Paul Humphreys ni vijana wa Wirral, ng'ambo ya mto ukitoka Liverpool. Liverpool ni mji wa Beatles, mji wa magita. Mwaka 1975 McCluskey, akiwa na miaka 16, alikwenda kuwatazama Wajerumani wa Kraftwerk, akaona wanaume wanne wanaopiga muziki bila gita hata moja. Tangu siku hiyo alijua anachotaka. Pesa hazikuwapo. Kinanda chao cha kwanza cha maana, Korg kidogo cha bei ya chini, kilinunuliwa katika katalogi ya mama yake McCluskey, kwa kulipa kidogo kidogo: pauni 7 na senti 76 kila wiki, kwa wiki 36. Mpiga ngoma pia hawakuwa naye. Waliweka jukwaani mashine ya kurekodi sauti, wakaiita Winston, ikacheza ngoma pahali pa mtu. Hivyo ndivyo walivyopiga konseti yao ya kwanza, oktoba 1978, katika klabu ya Eric's pale Liverpool.

Hawakuamini kama itadumu. Kampuni ya diski ilipowapa pesa za albamu ya kwanza, badala ya kukodi studio kubwa walijenga ya kwao wenyewe. Hesabu yao ilikuwa rahisi: diski zisipouzwa, kampuni itatufukuza, lakini studio itabaki mikononi mwetu. Mimi napenda hesabu hiyo. Ni ya mtu anayejua njaa.

Kisha "Enola Gay" ikaja, na studio haikuhitajika tena kama akiba ya siku mbaya. Wimbo ulifika nafasi ya 8 Uingereza na nafasi ya kwanza Italia. McCluskey alikuwa kijana anayependa historia ya ndege za vita ya pili ya dunia. Kilichomgusa ni jina: rubani Paul Tibbets aliipa ndege yake jina la mama yake mzazi. Mama, mwana, na bomu. Wimbo hauhubiri. Unauliza tu kama kazi ile ilikuwa lazima, na unauliza kwa sauti ya kuchezesha miguu. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba makombora ya nyuklia ya Marekani yatawekwa katika kambi ya Greenham Common, kwa hiyo Waingereza waliosikia walielewa kwamba swali halikuwa la 1945 peke yake.

Mtu anayeusikiliza akiwa Katanga anaona kinachokosekana. Ndani ya wimbo mna ndege, mna saa, mna mama wa rubani. Mgodi haumo. Si kosa la vijana wa Wirral, maana wakati wa vita Wamarekani walifanya kila njia ili jina la Shinkolobwe lisitajwe, na baadaye vitabu vingi vya historia viliendelea na kimya hicho.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Mgodi ulikuwa wa Union Minière, kampuni ya Wabeleji. Mawe yake yalikuwa na uraniamu nyingi ajabu, kuliko migodi ya Kanada au ya Marekani yenyewe, na wafanyakazi Wakongomani waliyachagua kwa mikono. Mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, aliogopa yasije yakaangukia kwa Wajerumani. Mwaka 1940 alituma tani karibu 1.200 New York, zikahifadhiwa katika ghala la Staten Island. Septemba 1942 koloneli wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alifika katika ofisi ya Sengier kuulizia madini ya Kongo, akakuta yamekwisha kuvuka bahari. Walielewana kwa dakika chache. Miaka mitatu baadaye ndege yenye jina la mama iliruka.

Shinkolobwe haijafungwa vizuri katika vichwa vya watu wa Likasi. Mashimo makubwa yalizibwa kwa beto kabla ya uhuru, lakini wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Mwaka 2004 dekreti ya rais ilikataza uchimbaji, na mwezi wa julai mwaka huo huo udongo uliporomoka, watu wanane wakafa.

Turudi kwenye diski, maana OMD si wimbo mmoja. Mwishoni mwa 1981 na mwanzoni mwa 1982 walitoa nyimbo mbili kuhusu mtu yule yule, Jeanne d'Arc wa Ufaransa, moja nyuma ya nyingine. Kampuni gani ingekubali leo? Zote mbili ziliingia kati ya tano za kwanza Uingereza, na ya pili, "Maid of Orleans", ndiyo diski ndogo iliyouzwa kuliko zote Ujerumani mwaka 1982. Inaanza na kelele chafu za mashine, halafu inageuka kuwa kama ngoma ya kijeshi ya zamani inayochezwa kanisani. Kwangu mimi, hakuna wimbo mzuri zaidi katika mkusanyo wote.

Baadaye wakajikwaa. Albamu ya 1983, "Dazzle Ships", ilijaa sauti za redio za mbali na mashine zinazosema, na wanunuzi wengi waliwakimbia. Leo wapenzi wa muziki huo wanaiheshimu sana, lakini mkusanyo unaonyesha nyimbo zake mbili tu zilizotoka kwenye diski ndogo. Hilo ndilo lawama langu kwa "Souvenir". Kazi yao ya ujasiri zaidi imebaki nje, kama ule wimbo kuhusu kiwanda cha mafuta cha Stanlow. Anayekomea kwenye mkusanyo atafikiri walikuwa watu wa nyimbo tamu peke yake.

Baada ya kipigo hicho wakawa waangalifu, na Marekani ikawapokea. "If You Leave" waliitunga kwa muda usiofika siku nzima, kwa sababu filamu "Pretty in Pink" ilikuwa imebadilishwa mwisho wake na wimbo wa kwanza haukufaa tena. Ukafika nafasi ya 4 Marekani mwaka 1986. Miaka miwili baadaye walipiga katika uwanja wa Rose Bowl, California, kwa kuwatangulia Depeche Mode. Usiku ule ukawa filamu na albamu ya Depeche Mode. OMD walikuwa wale waliopiga jua likiwa bado liko juu. Na hapa kuna jambo la kushangaza: Vince Clarke, aliyeanzisha Depeche Mode pamoja na wenzake, amesema mwenyewe kwamba alishikwa na hamu ya vinanda aliposikia wimbo wa upande wa pili wa diski ya kwanza ya OMD.

Nusu ya pili ya mkusanyo ni dhaifu kidogo. Wenzi hao waliachana 1989, McCluskey akabaki na jina, akapata mafanikio 1991, kisha akachoka na kugeukia kutungia kundi la wasichana, Atomic Kitten. Walirudiana 2006. Nyimbo za baada ya hapo zinasikilizika, na watu hawajawasahau: albamu yao ya 2023, "Bauhaus Staircase", ilifika nafasi ya 2 Uingereza.

Asiye na mega za kutosha kwa nyimbo zote 40 aanze na hizi: "Electricity", "Messages", "Souvenir", "Maid of Orleans" na "Telegraph". Halafu "Enola Gay", na sauti ya simu ipandishwe kidogo.