Kipaza Sauti Kipi? Istilahi za Spika ya Gitaa la Umeme Jukwaani

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyazoea hata hayahojiwi tena ni neno "kipaza sauti". Mwalimu mkuu husema mbele ya kipaza sauti. Maneno yake hukuzwa na kipaza sauti kilicho mezani. Nao wanafunzi walio nyuma humsikia kwa kipaza sauti kilichofungwa mtini. Vyombo vitatu, kazi tatu, jina moja. Katika mazungumzo hakuna anayedhurika, kwa kuwa macho huona kile ambacho neno halikukibainisha. Katika hati ya ununuzi macho hayapo; lililopo ni neno tu. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazomhusu mtu anayechagua spika ya kupigia gitaa la umeme jukwaani, hasa ile spika iliyojengwa pamoja na amplifaya yake, na kupendekeza majina yatakayomwezesha mnunuzi kupata alichokitaka.

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, ofisi moja ya umma yenye kikundi cha muziki ilituletea orodha ya vifaa ili itafsiriwe. Ndani yake zilikuwamo spika nne zilizoelezwa kwa neno la Kiingereza "powered". Mwandishi wa makala haya, akiwa na haraka ya kumaliza kazi, aliandika: "spika nne zenye nguvu, wati 1,000 kila moja". Zabuni ikatangazwa kwa maneno hayo. Mfanyabiashara akaleta spika nne kubwa, zenye uwezo wa kuhimili wati 1,000, wala hapakuwa na kifungu cha kumlaumia, kwani nguvu zilikuwamo. Kilichokosekana ni amplifaya. Siku ya majaribio mpiga solo wa kikundi, mzee wa makamo ya baba yetu, alichomeka waya, akapiga, akausikiliza ukimya, kisha akatugeukia na kuuliza: "Mwanangu, hizi zimekufa au hazijazaliwa?" Fungu la fedha la mwaka ule lilikuwa limekwisha, na kikundi kikawa cha kuazima vyombo hadi bajeti iliyofuata.

Kwa desturi ya muziki wa dansi, neno "vyombo" hujumuisha magitaa, ngoma, amplifaya na spika kwa pamoja, na mara nyingi mwenye vyombo hakuwa mpigaji. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na mashirika mengine ya umma nayo yalikuwa na bendi zao. Kwa hiyo lugha ya vyombo vya muziki ni lugha ya ofisi pia: huandikwa na karani, husainiwa na mhasibu, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika gitaa.

Tuifuate sauti basi, kuanzia mkononi mwa mpigaji. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa uzi mwembamba wa shaba, chini ya nyuzi zake za chuma. Uzi wa gitaa unapotikisika, huzusha katika shaba hiyo umeme dhaifu sana, ambao kwa kawaida hauzidi sehemu ya volti moja. Umeme huu wenye umbo la sauti tutauita "ishara". Ishara hiyo haiwezi kuisukuma spika. Lazima ikuzwe kwanza. Chombo kinachoikuza ni "amplifaya", na kile kinachoigeuza ishara iliyokuzwa kuwa mtikisiko wa hewa ni "spika". Wapo wanaopenda "kikuza sauti" badala ya amplifaya, nasi hatuna ugomvi nao, ila twaona kwamba wapigaji wote tuliowauliza husema amplifaya, na istilahi iliyokwisha kukubaliwa na mafundi ina nusu ya safari nyuma yake. Chombo cha kupokelea sauti ya mwimbaji kiitwe "maikrofoni". "Kipaza sauti" kibaki katika mazungumzo, kwa maana ya mtambo mzima. Katika hati za ununuzi kisitumike kabisa.

Kuhusu neno "spika" lipo pingamizi la zamani kwamba linagongana na Spika wa Bunge. Pingamizi hilo halina uzito. Sarufi yetu imekwisha kuwatenga: Spika amesimama, spika imesimamishwa. Lugha yenye ngeli haina haja ya kuogopa mgongano wa namna hiyo.

Sasa tufike kwenye neno lililotuponza. Spika ambayo ndani ya sanduku lake mna amplifaya, na ambayo kwa sababu hiyo huchomekwa yenyewe katika umeme wa ukutani, tuiite nini? Tafsiri ya "yenye nguvu" imekwisha kujihukumu. Baadhi ya wafasiri wamejaribu "spika hai", kwa kuwa Kiingereza huiita pia "active". Pendekezo hili lina mvuto, lakini linasahau jinsi Waswahili wanavyovizungumzia vyombo. Redio iliyoharibika imekufa. Spika iliyoungua imekufa. Kwa hiyo "spika hai" itaeleweka kuwa spika yoyote ambayo bado ni nzima, na mfanyabiashara ataileta kwa moyo safi kabisa. Neno "amilifu" nalo ni zuri darasani, ila halimwambii karani kitu cha kutazama nyuma ya sanduku. Twapendekeza "spika yenye amplifaya", na kinyume chake "spika tupu". Ni majina ya kueleza tu, hayana madaha, lakini yanakaguliwa kwa macho: yenye amplifaya ina soketi ya umeme wa ukutani, tupu haina.

Tofauti hii si ya gharama tu, ni ya usalama pia. Spika tupu hupokea umeme mkubwa utokao kwenye amplifaya. Spika yenye amplifaya hupokea ishara, yaani umeme mdogo. Mtu akichukua amplifaya ya gitaa na kuunga soketi yake ya spika kwenye spika yenye amplifaya, aweza kuunguza sehemu ya kupokelea ishara. Na amplifaya ikiwa ni ya vali, nayo huweza kuharibika, kwa kuwa imenyimwa mzigo iliotengenezewa. Katika vitabu vya maelekezo, basi, mfasiri asiandike "soketi ya kutolea sauti" kwa zote mbili. Aandike "soketi ya ishara" na "soketi ya spika", hata kama sentensi itarefuka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mpigaji asitumie amplifaya ya gitaa kama ilivyokuwa tangu enzi za Fender wa California na Marshall wa London. Anaweza, na wengi bado hufanya hivyo. Lakini amplifaya kubwa ya vali, kama Twin Reverb ya Fender, ina uzito wa karibu kilo 29, na ukarimu wake hupatikana inapofunguliwa sauti kiasi ambacho ukumbi mdogo hauvumilii. Tangu miaka ya 2000 vimeenea vyombo vya kompyuta vinavyoiga sauti ya amplifaya hizo. Kemper ya Ujerumani na Line 6 ya Marekani ni miongoni mwa watengenezaji wake. Twapendekeza chombo cha namna hii kiitwe "kiigizi". Kiigizi hutoa ishara iliyokwisha kupambwa, na kinachohitajika baada yake ni spika tu.

Lakini spika gani? Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Spika iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa si aminifu, wala haikukusudiwa kuwa hivyo. Ile maarufu ya Celestion ya inchi 12 hutoa sauti kuanzia kama hezi 75 hadi kama hezi 5,000, na juu ya hapo hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoifanya sauti ya gitaa iwe tamu. Ukikuondoa, gitaa lililotiwa mkwaruzo hulia kama nyuki waliofungiwa debeni. Kiigizi kikamilifu huiga amplifaya pamoja na spika yake. Kikiungwa kwenye spika ya gitaa, sauti itakuwa imechujwa mara mbili na itasikika imefifia. Chahitaji spika isiyoongeza wala kupunguza, inayofika kiasi cha hezi 18,000 au 20,000. Kinyume chake, gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye spika hiyo bila kiigizi, husikika kavu na bila uhai, kwani soketi ya ishara ya kawaida huielemea shaba ya gitaa na kuizima sauti yake nyembamba.

Spika hii isiyochagua tumeiita "spika ya sauti zote". Tuliwahi kufikiria "spika ya masafa mapana", kwa kuwa wanafizikia husema masafa. Tulipoijaribu kwa makarani watatu, wote walieleza kwamba ni spika inayosikika mbali. Tukaiacha.

Ama kuhusu wati, twashauri ziaminiwe kwa kiasi. Kwanza, watengenezaji hupenda kutangaza "wati za kilele", yaani zile za kufumba na kufumbua, ambazo mara nyingi ni maradufu ya "wati za mfululizo". Pili, wati hupima umeme, hazipimi sauti. Spika yenye wepesi wa desibeli 99 kwa wati moja, umbali wa mita moja, ikipewa wati 100 hutoa desibeli 119. Yenye wepesi wa desibeli 93 huhitaji wati 400 ili ifike hapo hapo. Na kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6. Kwa hiyo desibeli 119 za mbele ya spika ni 101 tu kwa msikilizaji aliye mita nane. Mnunuzi aulize "kilele cha sauti" kwa desibeli, kisha ndipo aulize wati. Tumechagua neno "wepesi" kwa sababu spika hiyo ni nyepesi wa kuitika; uzito wa sanduku uandikwe kwa kilo ili pasiwe na utata.

Jambo moja la mwisho ni umeme wenyewe. Tanzania hutumia volti 230, Marekani 120. Zipo spika zinazojirekebisha zenyewe na zipo zisizojirekebisha, na hizi za pili zikitoka Marekani huungua siku ya kwanza.

Kwa kuzingatia hayo, orodha ile iliyotuaibisha tungeiandika leo hivi: "Spika nne za sauti zote, zenye amplifaya ndani, za inchi 12, kilele cha sauti kisichopungua desibeli 122, umeme wa volti 230, ziwe na soketi ya ishara, kila moja isizidi kilo 20." Mzee wetu wa solo aliisoma, akaridhika nayo, ila akauliza spika inayomwelekea mpigaji mwenyewe miguuni, ili ajisikie katikati ya ngoma na tarumbeta, tunaiitaje. Wenyewe jukwaani husema "monita", neno ambalo shuleni ni kiranja wa darasa. Tumeandika "spika ya mpigaji" kwa penseli, nasi tunawaomba wasomaji wenye jina lililo bora walilete kabla ya kikao kijacho cha kamati.