Kukuza Mlango Si Kuuvuta

Ukipita katika vichochoro vya Lamu au vya Mji wa Kale wa Mombasa, bila shaka umewahi kusimama mbele ya mlango wa nakshi ukautazama. Lakini je, umewahi kuyahesabu mawaridi yaliyochongwa kwenye mwimo wake? Umewahi kujiuliza imekuwaje yakapangika sawa toka chini hadi juu, pasiwe na lililobanwa wala lililoachwa mbali na mwenzake?

Mimi ni seremala, na swali hilo limenigharimu gogo zima la mbambakofi. Naieleza habari hii bila kuficha, kwani kosa lilikuwa langu, na huenda fundi mwingine akasalimika nalo.

KAZI YA MSIKITI

Kamati ya msikiti mmoja wa mtaani kwetu iliniletea kazi ya mlango. Walitaka ufanane na ule wa zamani uliokwisha kuliwa na mchwa, ila uwe mrefu zaidi, kwa kuwa ukuta ulikuwa umejengwa upya na kuinuliwa. Miimo ya zamani ilikuwa na urefu wa milimita 2,100. Mipya ilitakiwa iwe 2,520. Upana wa mwimo, yaani milimita 150, ulikuwa ubaki vile vile.

Mbao ilikuwa imekwisha nunuliwa kwa fedha za waqfu. Hilo lilinitia hofu tangu mwanzo. Mali ya mtu ukiiharibu, utamwendea umwombe radhi, naye huenda akakusamehe. Mali ya waqfu utamwendea nani?

Mwanangu wa kiume amejifunza kuchora kwa kompyuta, naye hutumia programu iitwayo SketchUp, ambayo mafundi wengi wa mbao duniani wanaijua. Aliupima mlango wa zamani, akauchora wote: kizingiti, miimo, mfaa na nakshi zake. Kisha akaushika mwimo kwenye ncha yake ya juu, akauvuta mpaka ukafika 2,520. Kazi ya kufumba na kufumbua. Tukapiga chapa karatasi ya kielezo, tukaibandika kwenye mbao, nami nikashika patasi.

Nilikwisha chonga mawaridi matano alipoingia mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifunza useremala huko Lamu. Aliitikia salamu, akainama, akatazama kwa muda.

"Mwanangu," akaniuliza, "haya ni mawaridi au mayai?"

Akaichukua bikari yangu, akaifungua sawa na upana wa waridi, kisha akaigeuza kwa urefu. Ncha haikufika ukingoni. Hakuongeza neno.

KILICHOKUZWA NA KISICHOKUZWA

Hebu tuangalie kilichotokea. Kutoka 2,100 hadi 2,520 ni nyongeza ya moja kwa tano. Mwimo ulipovutwa, kila kilichokuwa ndani yake kilivutwa pamoja nao. Waridi lililokuwa mduara wa milimita 120 likawa na urefu wa 144, huku upana wake ukibaki 120. Hata ulimi wa mwimo, ule unaoingia katika tundu la kizingiti, ulitoka milimita 60 ukawa 72, na tundu lenyewe halikuwa limeongezwa. Ulimi mrefu si neno, msumeno utaupunguza. Lakini ua lililokwisha chongwa halirudi.

Kompyuta haikukosea. Ilitii amri iliyopewa. Aliyekosea ni mimi niliyeipitisha karatasi ile bila kuitia hata rula.

Mjomba alitukalisha, mimi na mwanangu, akatuambia kwamba katika mlango kuna vitu vinavyokua na vitu visivyokua. Mti wa mwimo hukua. Waridi halikui, kwa sababu limefungwa na upana wa mwimo. Ulimi haukui, kwa sababu umefungwa na tundu lake. Ukitaka mlango mrefu hulirefushi waridi. Unaongeza idadi ya mawaridi, na nafasi baina yao unaigawa upya.

Baadaye mwanangu alituonyesha kwamba programu ile ile inaweza kufanya hivyo. Badala ya kuuvuta mwimo mzima, unaufungua, unachagua ncha ya juu peke yake pamoja na ulimi wake, kisha unaisogeza milimita 420. Katikati mti unarefuka, na ulimi unabaki na kipimo chake. Nakshi unaipanga baada ya hapo.

HESABU YA NAFASI

Mwimo wa zamani ulikuwa na mawaridi 14. Mawaridi 14 ya milimita 120 huchukua 1,680. Zinabaki 420. Nafasi ni 15, kwa kuwa pana nafasi moja zaidi kuliko mawaridi, ukihesabu zile za chini na juu kabisa. Basi kila nafasi ni milimita 28.

Kwa mwimo mpya tulijaribu mawaridi 16. Nafasi zikawa zaidi ya milimita 35, na mawaridi yakaonekana kama watu wasiosemezana. Tukajaribu 17. Hayo huchukua 2,040, zinabaki 480, nazo zikigawanywa kwa nafasi 18 kila moja ni milimita 26 na theluthi mbili. Hiyo yakaribia 28 ya wazee. Mjomba akafurahi zaidi kwa kuwa 17 ina katikati: waridi la tisa, manane chini yake na manane juu yake.

Kazi ikabaki kuyapanga. Mwanangu aliweka waridi la kwanza chini, akaweka nakala yake juu kabisa mahali pa la mwisho, kisha akaiamrisha programu igawanye masafa yale kwa 17. Yakatokea mawaridi 18! Mjomba akacheka, akamnyoshea kiganja: "Vidole ni vitano, mapengo mangapi?" Mapengo ni manne. Mawaridi 17 yana hatua 16. Alipogawanya kwa 16, kila kitu kikakaa mahali pake.

Mjomba naye hakutaka kushindwa. Aliifungua bikari kwa kukisia, akapiga hatua 16 juu ya ufito wenye urefu sawa na mwimo. Ilipopitiliza aliikaza kidogo, ilipopungukiwa aliilegeza. Mara ya nne ikaangukia papo hapo. Tulipopima hatua yake kwa rula, ilikuwa milimita 146 na ushei. Kompyuta ilisema 146 na theluthi mbili.

Hapo alitupa onyo lingine. Theluthi mbili haimo kwenye futi. Fundi mvivu atasema nafasi iwe 27, kisha apime kila waridi kutoka kwa mwenzake. Theluthi moja ni kitu kidogo sana, lakini kwa nafasi 18 inakuwa milimita 6, na waridi la juu litakosa mahali. Dawa yake ni kuiweka futi pale pale chini bila kuiondoa, na kuyapima mawaridi yote kutoka hapo.

MAMA NA NAKALA

Iko siri moja zaidi. Katika kompyuta waridi huchorwa mara moja tu, na hayo mengine ni nakala zake. Ukilirekebisha moja, yote hugeuka. Fikra hii si ya jana. Mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani, Ivan Sutherland, alitoa katika chuo cha MIT programu aliyoiita Sketchpad. Ndani yake mtu aliweza kuchora umbo mama, akalitia nakala pengi, na mama akibadilishwa nakala zote zikafuata.

Jambo hilo ni neema, lakini lina mtego wake. Mjomba alitaka waridi la tisa peke yake liwe na kitovu cha nyota. Mwanangu akalifungua akaitia nyota. Kutazama, mawaridi yote 34 ya miimo miwili yana nyota! Ikabidi airudishe, kwanza alitenge lile la tisa liwe kitu mbali, kisha ndipo aliguse. Na kwa kuwa hata miimo ilikuwa nakala za mama mmoja, nyota ile ikaonekana kwenye yote miwili. Safari hii ndivyo tulivyotaka.

Niliiendea kamati nikaieleza yote, na mbao nyingine nikainunua kwa fedha yangu mwenyewe. Mlango umekwisha simamishwa, alhamdulillahi, na mawaridi yake ni mawaridi.

Ule mwimo ulioharibika sikuutupa. Ulikuwa mali ya waqfu, basi nao ukabaki katika waqfu. Upande wake wa nyuma ulikuwa mzima, nikaupasua, nikachonga marufaa kwa ajili ya watoto wa chuo kilicho karibu na msikiti ule. Kipande chenye yale mayai matano nimekiomba kwa kamati kwa malipo, nacho kimetundikwa karakanani, juu ya meza ya kompyuta. Kila mwanangu anapotaka kuvuta kitu, kwanza hukitazama.