Asali Badala ya Sukari katika Mapishi ya Nyumbani

Asali ni sukari iliyoyeyuka katika maji kidogo, ikiwa na tindikali, rangi na harufu ya maua ilikotoka. Katika kila gramu 100 za asali iliyoiva, gramu 82 hivi ni sukari na gramu 17 hivi ni maji. Kinachobaki ni madini, chavua, vimeng'enya na viambato vya harufu. Sehemu kubwa ya sukari hiyo ni fruktosi na glukosi. Sukari ya dukani, kwa upande wake, ni sukrosi tupu, kavu, isiyo na tindikali wala harufu. Kwa hiyo anayetoa sukari kwenye pishi na kutia asali hubadili mambo manne kwa pamoja: utamu, maji, uchachu na kasi ya kuungua. Keki ikitoka imelowa katikati na kuungua pembeni, kosa si la asali. Ni kwamba utamu ulipimwa na matatu yaliyobaki yakasahauliwa.

Kwa mpishi wa Maisaka, mojawapo ya kata za mji wa Babati mkoani Manyara, asali haitoki mbali. Wilaya ya Babati ina msitu wa miyombo wa Duru-Haitemba, ambao tangu katikati ya miaka ya 1990 unamilikiwa na kutunzwa na vijiji vinavyouzunguka, na ambamo mizinga hutundikwa. Mashamba ya wilaya hiyo hutoa mbaazi na alizeti, mazao ambayo maua yake hutembelewa sana na nyuki. Mashariki, kuelekea Simanjiro na Kiteto, ni nchi ya migunga. Asali yenyewe ni ya kale kwa watu wa mkoa huu: Wahadzabe wa bonde la Yaeda huila pamoja na masega, na kwa Wadatoga pombe ya asali ni kinywaji cha wazee na cha sherehe. Kilicho kipya ni kuitia kwenye keki na maandazi, vyakula vilivyokuja na unga wa ngano na chai ya asubuhi.

Asali si ya aina moja, na kuchagua ndiyo hatua ya kwanza ya pishi. Asali ya miyombo kwa kawaida ni nyekundu iliyokolea, yenye harufu nzito. Hufaa keki ya viungo, mkate wa ulezi na nyama. Asali nyepesi kwa rangi ina ladha ya upole, na hiyo ndiyo ya kutia kwenye chai, uji na keki nyeupe, mahali ambapo harufu kali ingefunika iliki au vanila. Asali ya alizeti ni ya manjano na huganda upesi kwa sababu ina glukosi nyingi. Ipo pia asali ya nyuki wadogo wasiouma, nyembamba na chachu, yenye maji mengi kuliko asali ya kawaida. Hiyo ni nzuri kwenye juisi na kachumbari, lakini kwenye keki hulegeza unga.

Namna ya kurina nayo huacha alama. Asali iliyorinwa kwa mwenge wa moto kwenye mzinga wa gogo mara nyingi hunukia moshi. Iliyorinwa kwa bomba la moshi mwepesi, masega yaliyoiva yakachaguliwa na kuchujwa bila kukamuliwa pamoja na chavua na majana, hubaki safi. Asali ya moshi haifai keki. Kwenye nyama ya kuchoma, moshi huo huo huwa kiungo.

Baada ya kuchagua huja kipimo. Asali ni nzito: lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, na debe la lita 20 hukaribia kilo 28. Kikombe cha mililita 240 hubeba gramu 200 za sukari, lakini hubeba gramu 340 za asali. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya waokaji: kikombe kimoja cha sukari hubadilishwa kwa robo tatu ya kikombe cha asali. Hesabu yake ni nyepesi. Robo tatu ya kikombe ni gramu 255 za asali. Ndani yake mna gramu 209 hivi za sukari na gramu 43 hivi za maji. Sukari inalingana na ile ya kikombe kizima cha sukari, na maji ni sawa na vijiko vitatu vya chakula. Vijiko hivyo vitatu ndivyo vya kupunguza kwenye maziwa au maji ya pishi.

Hesabu hiyo ikishikwa, keki ya kawaida hubadilika bila kubahatisha. Chukua keki ya vikombe viwili vya unga wa ngano, mayai matatu, siagi gramu 125, sukari kikombe kimoja, maziwa nusu kikombe na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Katika keki ya asali, sukari hutoka na badala yake huingia robo tatu ya kikombe cha asali. Maziwa, yaliyokuwa vijiko vinane vya chakula, hushuka hadi vijiko vitano. Kisha huongezwa bekingi soda, kijiko cha chai kisichofika robo, ili kutuliza tindikali ya asali. Soda inapokutana na tindikali hutoa gesi, na gesi hiyo husaidia keki kuumuka. Ikizidi, keki huwa nyeusi na yenye ladha ya sabuni. Magadi ya kupikia maharage na makande yasitumiwe mahali pake, kwa kuwa ni makali zaidi.

Siagi na sukari hupigwa mpaka ziwe nyeupe kwa sababu chembe kavu za sukari hutoboa siagi na kuingiza hewa. Asali haina chembe hizo. Hivyo siagi hupigwa peke yake kwanza mpaka ilainike, ndipo asali imiminwe kidogo kidogo huku mchanganyiko ukiendelea kupigwa. Mayai hufuata, moja moja. Ili asali isigande kwenye kikombe cha kupimia, kikombe hupakwa mafuta kwanza, nayo huteleza yote na kipimo hakipungui.

Moto ndio unaowashinda wengi. Fruktosi na glukosi hupata rangi ya kahawia kwa joto la chini kuliko sukrosi, kwa hiyo keki ya asali huonekana imeiva juu wakati katikati bado ni mbichi. Kwenye oveni, keki iliyozoea nyuzi 180 huokwa kwa nyuzi 165 hivi, na muda huongezwa kidogo. Kwenye jiko la mkaa, ambako sufuria hufunikwa kwa mfuniko wenye makaa, makaa ya juu hupunguzwa na kusambazwa pembeni, na ya chini hubakizwa machache yaliyokwisha kushika majivu. Juu ikianza kuwa nyekundu mapema, makaa ya mfuniko huondolewa karibu yote na keki huachwa imalizikie kwa joto la sufuria. Dalili ya kuiva si rangi; ni kijiti kinachochomwa katikati na kutoka kikavu.

Malipo ya uangalifu huo huonekana siku ya pili na ya tatu. Asali huvuta na kushika unyevu, kwa hiyo keki yake haikauki upesi kama ya sukari, na harufu yake huzidi kutulia kadiri inavyokaa. Kwa anayeoka Jumamosi ili watoto wabebe shuleni Jumatatu, hiyo ni faida kubwa.

Maandazi hufuata kanuni ile ile. Kwa nusu kilo ya unga unaotiwa gramu 100 za sukari, vijiko sita vya chakula vya asali hutosha, na maji au tui hupunguzwa kijiko kimoja na nusu. Asali huyeyushwa kwanza katika tui la vuguvugu pamoja na hamira. Hamira hula glukosi na fruktosi moja kwa moja, hivyo donge huumuka bila taabu. Asali ikizidi, unga hunata mikononi na kuumuka hukawia. Mafuta ya kukaangia yawe ya moto wa wastani. Kipande kidogo cha donge kikitumbukizwa kinapaswa kupanda taratibu. Kikiruka juu na kugeuka kahawia papo hapo, mafuta yamepata moto kupita kiasi, na maandazi yatakuwa na ngozi nyeusi na kiini kibichi.

Mkate wa kumimina, uwe wa mchele wa Magugu wilayani Babati au wa pengine, huhitaji tui zito zaidi asali inapotumika, kwa kuwa rojo la mchele halina gluteni ya kushikilia maji ya ziada. Kwa kaimati, kazi ni rahisi zaidi. Shira ya sukari huchemshwa mpaka inate, lakini asali tayari inanata. Hupashwa tu pamoja na kijiko cha maji, iliki na matone ya ndimu, kisha kaimati za moto huviringishwa humo.

Kwenye vinywaji na uji, jambo la kuangalia ni wakati wa kutia. Moto mkali hufukuza harufu ya asali na kuharibu vimeng'enya vyake. Utamu hubaki, lakini kilichofanya inunuliwe badala ya sukari kimekwenda na mvuke. Uji wa ulezi huepuliwa, ukaachwa upoe kidogo, ndipo asali itiwe. Chai vivyo hivyo, kwenye kikombe badala ya birika. Maziwa ya mgando hayahitaji moto kabisa: kijiko cha asali kwenye bilauri huondoa ukali wa maziwa huku uchachu wa asali usionekane.

Kwenye nyama, asali hupakwa mwishoni. Mchanganyiko wa asali, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi hupakwa kwa brashi dakika tano za mwisho, nyama ikiwa imeshaiva. Ukipakwa mapema huungua na kuwa mchungu kabla ya ndani kuiva. Kwenye mchuzi wa nyanya chachu, nusu kijiko cha chai hutosha kuupoza.

Asali nyingi huuzwa kwa chupa zilizotumika, na majaribio ya kupima uhalisi wake ni mengi: kuimimina kwenye maji, kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, kuangalia kama sisimizi wanaisogelea. Hakuna hata moja linaloweza kuaminika. Maji na kiberiti hupima uzito na unyevu, na shira nzito ya sukari inaweza kufaulu yote mawili. Uhakika hutolewa na maabara. Kwa mnunuzi wa kawaida kinga ni kumjua muuzaji, au kununua iliyofungwa kwa lebo yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kuuliza kama bei ni ya lita au ya kilo.

Kuganda si dalili ya ulaghai. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hugandisha asali halisi. Chupa huwekwa kwenye maji ya vuguvugu, ambayo mkono unayavumilia, mpaka ilegee; isichemshwe. Povu na harufu ya pombe ndivyo vya kuogopwa, kwani huonyesha kuwa asali ilikuwa na maji mengi na imeanza kuchacha. Ihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaokaza, mbali na jiko, na isichotwe kwa kijiko chenye maji.

Kiafya, gramu 100 za asali zina kilokalori 304 hivi, na za sukari 387. Tofauti hiyo huletwa na maji, na kwenye kijiko hugeuka: kijiko cha chakula cha asali kina gramu 21 na kilokalori 64, cha sukari kina gramu 12 hadi 13 na kilokalori 49 hivi. Shirika la Afya Duniani huihesabu asali pamoja na sukari za kuongezwa, ambazo kwa mwongozo wake wa 2015 zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kilokalori 2,000. Mgonjwa wa kisukari huihesabu kama sukari.

Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kwa namna yoyote, iwe ya kulamba au ya kwenye uji. Inaweza kubeba spora za bakteria wa Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtu mzima huzidhibiti lakini la mtoto mchanga haliziwezi, na moto wa jikoni hauziui.