Tuache sashe, tufume mfuko wetu wa soko

Wamama wapenzi, serikali yetu ilikataza sashe za plastiki kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Lakini pita soko lolote la Butembo ao Beni: sombe ndani ya sashe, chumvi ndani ya sashe. Mvua ikinyesha zinaziba mitaro, na hapa Butembo zinashuka mpaka mto Kimemi.

Tufanye hesabu kama darasani. Mama anayeenda soko mara 3 kwa juma, akichukua sashe 2 kila mara, kwa mwaka anatupa 312.

Chukua tisheti iliyochakaa, uikate ukanda mmoja mrefu, upana wa vidole 2. Kwa sindano nene ya kroshe, anza na vitanzi 6 kwa duara. Mzunguko wa pili 12, wa tatu 18. Ongeza 6 kila mzunguko. Duara ikifika ukubwa wa sahani, acha kuongeza, panda juu.

Chini kaza sana. Mfuko wangu wa kwanza ulikuwa matundu tupu. Maharagi yalibaki njiani, watoto wakacheka! Mikono ya mfuko iwe mifupi, kwani uzito wa viazi utaivuta.

Kati yetu kuna wamama waliokimbia vita, wakaacha mashamba. Mtaji hawana, lakini mikono wanayo. Kila mmoja wetu amualike mmoja, amufundishe. Mfuko wa kwanza abebee chakula cha watoto. Wa pili auuze.