Sikio Liliapo Usiku: Taya na Usingizi Vina Neno Lao

Mchana watu wengi hawausikii. Kazi, maneno ya watoto, kinu cha kusagia, pikipiki barabarani, vyote vinaufunika. Lakini taa ikiisha kuzimwa na nyumba ikatulia, ndipo unapoanza: mlio mwembamba kama wa nyenje, au kama filimbi ya mbali, au kama mvuke utokao katika birika. Mtu hugeuza kichwa juu ya mto, huziba sikio kwa kidole, na mlio hauondoki. Kumbe kwa kuziba umezidi. Humwamsha mwenzake na kumwuliza kama naye asikia. Mwenzake hasikii neno. Hapo hofu huingia, na hofu hiyo haiwezi kabisa kumletea usingizi.

Hofu zenyewe ni za namna nyingi. Mmoja adhani ya kuwa karibu atakuwa kiziwi. Wa pili aogopa ya kuwa akili zake zaharibika. Wa tatu amekwisha kumtaja jirani aliyemroga, na nyumba mbili zimeacha kusalimiana kwa ajili ya mlio ambao hakuna aliyeutuma. Basi tuseme tangu mwanzo: mlio wa masikio ni jambo la watu wengi sana. Mwaka 2022 wataalamu walikusanya uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi, wakakisia ya kuwa kati ya watu wazima 100, kama 14 huusikia, na kama 2 hutaabika nao sana.

Tena kuna jaribio moja la zamani linalopendeza kukumbukwa. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, katika chumba ambamo sauti ya nje haikupenya. Wakawaomba waeleze wanayoyasikia. Karibu wote, yaani 94 katika kila 100, walisikia sauti: mvumo, mlio, mdundo. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Ilikuwa kimya tu, na katika kimya hicho walisikia kazi ya miili yao wenyewe. Ndiyo sababu mlio huonekana mkali zaidi usiku: si lazima uwe umeongezeka, bali kilichokuwa kikiufunika kimeondoka.

Lakini kwa wale wanaotaabika kweli, mlio watoka wapi? Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa kama konokono, na ndani yake zimepangwa chembe kama 15,000 zenye vinywele vyembamba mno. Sauti ikiingia, vinywele huyumba, na habari hupelekwa ubongoni. Chembe hizo zikifa, kwetu sisi wanadamu hazioti tena. Huuawa na kelele za mashine na bunduki, na spika za muziki zilizofunguliwa kupita kiasi. Huchakaa pia kwa uzee. Dawa nyingine nazo zinaweza kuliudhi au kuliumiza sikio. Wazee waliokunywa kwinini dhidi ya malaria waujua vizuri mvumo wake, ambao kwa kawaida ulipungua dawa ilipoachwa. Aspirini nyingi hufanya vivyo hivyo. Sindano za streptomisini na jentamisini, ambazo zimeokoa maisha ya wengi, huweza kuacha madhara ya kudumu sikioni.

Ubongo ukikosa habari kutoka sikioni haukai kimya. Hufanya kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali katika redio: sauti ikiwa hafifu, huongeza nguvu, huongeza tena, mpaka chumba kizima chajaa mchakato, na stesheni yenyewe haisikiki. Mlio wa masikio, kwa wengi, ni mchakato huo. Chanzo chake kilikuwa sikioni, lakini unaoulea ni ubongo. Na ikiwa ni ubongo unaoulea, basi mambo mengine yanayougusa ubongo yaweza kuukuza mlio au kuupunguza. Hapo twafika kwenye taya.

Mama mmoja akienda kwa mganga na kusema, «Bwana Daktari, sikio langu lalia», hutazamia achunguliwe sikioni, basi. Daktari mwenye busara huchungulia, kisha huuliza jambo la ajabu: «Mama, asubuhi ukiamka, mataya yako yamechoka?» Mama hushangaa. Taya na sikio vina udugu gani?

Vina udugu mkubwa. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, ufungue kinywa na kukifunga. Kitu kinachocheza chini ya kidole ni kiungo cha taya, nacho kimepakana na sikio kwa ukuta mwembamba wa mfupa. Ndani ya sikio la kati mna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Mtoto angali tumboni mwa mamaye, nyundo na fuawe hutokana na gegedu lile lile ambalo kando yake taya la chini hujengwa. Msuli mdogo unaoivuta nyundo huamrishwa na mshipa wa fahamu ule ule unaoamrisha misuli ya kutafuna. Wanaouma meno kwa nguvu mara nyingi husikia kishindo au mvumo sikioni, wala si ajabu.

Mtu wa kwanza kulitangaza jambo hili sana alikuwa James Costen, daktari wa masikio katika mji wa St. Louis, Marekani. Mwaka 1934 aliandika habari za wagonjwa waliokuwa na mlio, kizunguzungu na maumivu ya sikio, na ambao kiungo chao cha taya kilikuwa na kasoro. Yeye alidhani ya kuwa meno yakipotea, taya hupanda na kuibana mishipa iliyo karibu na sikio. Waliomfuata waliuchunguza mwili vizuri zaidi, wakaona maelezo yake si sahihi. Mishipa haibanwi hivyo. Lakini wagonjwa aliowaona walikuwa wa kweli. Twapenda kulitaja hilo, maana mara nyingi watu wakiona maelezo yamekosea hulitupa na jambo lenyewe.

Maelezo bora yalikuja baadaye. Mwaka 1999 daktari Robert Levine wa Boston alionyesha mahali penyewe panapokutanisha taya na sikio. Chini ya ubongo, mshipa wa sikio ukiingia tu, kuna kituo cha kwanza cha kupokea sauti. Katika kituo hicho hufika pia nyuzi za fahamu zitokazo usoni, katika mataya na shingoni. Ni kama posta ambamo barua za sikio na barua za taya hupokelewa kwenye dirisha moja. Taya likituma barua nyingi za mkazo na maumivu, karani huchanganyikiwa, na baadhi yake huzipeleka kana kwamba ni sauti.

Msomaji mwenye mlio aweza kujipima mwenyewe. Keti mahali pa kimya. Uma meno kwa nguvu huku ukihesabu mpaka 5, kisha legeza. Sukuma taya la chini mbele, kisha kulia, kisha kushoto. Kaza shingo huku mkono wako ukizuia kichwa kisigeuke. Je, mlio umepanda, umeshuka au umegeuka? Zaidi ya nusu ya watu wenye mlio huona badiliko fulani. Badiliko hilo peke yake halithibitishi ya kuwa taya ndilo lenye kosa. Lakini mtu aonaye badiliko, ambaye pia mashavu au mapanja humwuma, ambaye kiungo cha taya hulia «ta!» akipiga miayo, ambaye mlio wake ni mbaya zaidi siku za maumivu ya taya, huyo ana sababu nzuri ya kulitazama taya lake.

Sasa usingizi. Watu wengi husaga meno wakiwa wamelala bila kujua. Mwenzao wa kitandani ndiye ajuaye. Wataalamu waliowachunguza wasagaji usiku kucha waliona ya kuwa kusaga hakuji ovyo. Mara nyingi hufuata vile vitambo vifupi ambavyo usingizi hupungua kina: mlalaji hupanda karibu na kuamka, moyo hupiga mbio kidogo, kisha misuli ya taya hujikaza. Basi usingizi uliokatika-katika huzaa nafasi nyingi za kusaga. Asubuhi mataya ni mazito, na mlio umeamka kabla ya mwenyewe.

Tena kukosa usingizi kwenyewe huudhuru ubongo. Aliyekesha huwa mwepesi wa kushtuka, mwepesi wa hasira, na masikio yake huwa kama ya mlinzi wa usiku anayengojea mwizi. Ukisikiliza kwa namna hiyo, mlio huwa mkubwa. Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa habari za majaribio juu ya wanyama wadogo walio jamaa na kicheche. Wale walioonyesha dalili za mlio baada ya kelele kubwa walianza pia kulala vibaya. Lakini walipolala, msisimko usio wa kawaida wa ubongo wao ulionekana kutulia. Ikiwa ni hivyo hata kwa mwanadamu, basi usingizi mzito ni mahali ambapo ubongo hupumzishwa na mlio wenyewe. Nao mlio ndio unaomzuia mtu asifike hapo.

Waona jinsi kamba ilivyofungwa. Mlio huleta hofu, hofu hukaza taya na kukata usingizi, usingizi uliokatika huleta kusaga meno, taya hutuma mkazo, mlio hupanda. Kwa bahati njema, kamba iliyo duara yaweza kukatwa popote. Chembe za sikio hatuwezi kuziotesha. Taya na kitanda twaweza kuvifikia.

Huko Ubelgiji, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Antwerp, walijaribu njia hiyo kwa wagonjwa 80 waliokuwa na mlio pamoja na shida ya taya, wakatangaza matokeo yake mwaka 2020. Hawakugusa sikio. Walikanda misuli ya kutafuna, wakafundisha mazoezi ya kuilegeza, wakawaonya wagonjwa juu ya desturi mbaya za kinywa, na waliosaga meno wakapewa kifuniko cha meno cha kuvaa usiku. Kwa sehemu ya wagonjwa hao taabu ya mlio ilipungua. Hawakuahidiwa kimya kamili, na asiyetaka kudanganywa asimsikilize anayekiahidi.

Mengi ya mafundisho hayo hayahitaji hospitali. Kanuni yao ya kwanza ni hii: midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi ulale juu kaakaani nyuma ya meno ya mbele. Meno ya mtu mzima hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Saa nyingine zote yapaswa kuachana. Jaribu kujichunguza unapoendesha baiskeli, unaposhona, unapoandika mtihani. Wanafunzi, hasa, huuma meno na kutafuna kalamu pasipo kujua. Acheni pia kuuma kucha, kutafuna vitu vigumu mchana kutwa, na kuegemeza kidevu juu ya mkono. Jioni, kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto ya kadiri na kukamuliwa, kikiwekwa mashavuni kwa dakika 10 au 15, hulegeza misuli; kisha ikande polepole kwa vidole kutoka panja mpaka pembe ya taya.

Kitandani, usipigane na mlio katika kimya. Upatie mwenzake: redio kwa sauti ya chini sana, au feni, au sauti ya mvua kutoka kwenye simu. Sauti hiyo isiufunike mlio wote. Itoshe tu kuufanya usiwe peke yake chumbani. Amka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Usingizi ukikataa, ondoka kitandani, keti penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Pombe huleta usingizi mbio, lakini huukata katikati ya usiku, nayo huhesabiwa pamoja na kahawa na tumbaku kati ya mambo yanayofuatana na kusaga meno.

Neno juu ya fedha. Kuna wauzao matone, vidonge na majani ya kuponya mlio. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani kiliwashauri wenzao wasiwape wagonjwa wa mlio vidonge vya ginkgo, vya zinki wala vya melatonini, kwa sababu faida yake haikuthibitishwa. Kilichothibitishwa zaidi ni mafundisho ya kutuliza mawazo na hofu, yatolewayo na mtaalamu. Na kwa asiyesikia vizuri, chombo cha kumsaidia kusikia. Wala msikimbilie kung'oa au kukata meno kwa ajili ya mlio. Jino lililong'olewa halirudi, na mlio huweza kubaki. Petroli, mafuta ya moto na vijiti visiingie sikioni kamwe. Nta iliyoziba huweza kweli kuleta mlio, lakini aitoe mwuguzi.

Wako wasiopaswa kungoja wala kujaribu mazoezi kwanza. Mlio wa sikio moja tu usiokoma, au unaodunda pamoja na moyo, au wenye kizunguzungu kikali, au usaha, au uso kupooza upande mmoja, hutaka daktari. Anayetumia sindano za kifua kikuu akaanza kusikia mlio amwambie mganga wake upesi, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Na aliyeamka asubuhi akakuta sikio moja halisikii tena, aende hospitali siku ile ile. Kuna dawa iwezayo kuliokoa sikio hilo, nayo hufaa zaidi ikitolewa katika siku za kwanza; baada ya majuma machache nafasi huwa imepita.